Miwani ya Rangi ya Asali

Katika nchi moja ambayo sitaitaja, kwa kuwa wenyewe wana ofisi maalumu inayoshughulika na kuitaja, Mkuu wa nchi alianza kuwashwa macho. Chanzo kilijulikana. Mkuu alikuwa akishinda mbele ya kompyuta kuanzia anapoamka, na alichokuwa akitazama ni hotuba zake mwenyewe, ambazo zilikuwa nyingi. Daktari wake hakuthubutu kusema kwamba hotuba ndizo zinazomuumiza. Alisema ni mwanga wa bluu utokao kwenye kioo cha kompyuta, akamtafutia miwani ya rangi ya asali ya kuuzuia. Mkuu akaivaa, macho yakatulia. Siku moja akiwa mezani na mawaziri wake, huku akipapasa kutafuta kijiti cha kuchokolea meno, akasema, "Kitu kizuri hiki. Wananchi nao wangekipata."

Kabla kijiti hakijapatikana, Wizara ya Macho na Mtazamo ilikuwa imeshaundwa. Uwaziri akapewa Profesa Bartazari Komwitwa, aliyetoka Wizara ya Barabara, ambako alikuwa amemaliza kazi kwa maana kwamba barabara zenyewe zilikuwa zimekwisha. Profesa akatunga sheria fupi na nzuri: kila mtu atazamaye kioo atavaa miwani ya rangi ya asali. Ilikusudiwa kwa watu wanaofanya kazi kwenye kompyuta, na baadhi yao walisema kweli macho hayachoki kama zamani. Nalisema hili mapema nisije nikahesabiwa mchochezi.

Lakini wakaguzi wa Wizara walikuwa watu makini. Walianza na kioo cha kompyuta, wakaenda kioo cha simu, wakaenda kioo cha gari, wakafika kioo cha dirisha. Kinyozi mmoja alipouliza kama naye anahusika, wakamwonyesha kioo kilichokuwa ukutani kwake. Mbunge fulani, ambaye baadaye aliomba radhi, alitaka kujua mpaka wa sheria hii uko wapi. Profesa akasimama, akarekebisha koti, akasema, "Mheshimiwa Spika, kioo ni kioo. Serikali hii haibagui vioo." Wabunge wakapiga meza mpaka glasi za maji zikaanguka. Zikaokotwa na watu waliovaa miwani.

Miwani yenyewe ilitengenezwa na kiwanda cha shemeji yake Profesa, jambo ambalo Wizara ilieleza kuwa ni sadfa, na wananchi wakaambiwa maana ya neno sadfa.

Halafu ikaja kampeni. Profesa alihutubia taifa akiwa amevaa suti ya njano. "Ndugu wananchi," alisema, "adui yetu safari hii hana jeshi wala bendera. Ana rangi. Tutamfuata majumbani, tutamfuata maofisini, tutamfuata hadi kwenye kabati za nguo." Shule zenye sare za bluu zikapewa muda wa kujirekebisha. Kuhusu anga, Waziri alisema kamati inaendelea na mazungumzo. Na taa zote zitoazo mwanga wa bluu zikakusanywa na Wizara, zikaondoka kwa malori, na hakuna aliyeambiwa zinapelekwa wapi.

Katika taa hizo zilikuwamo za wodi ya watoto wachanga katika hospitali ya mkoa mmoja. Hapo ndipo yalipotokea haya ninayotaka kuyasimulia.

*

Mtoto mchanga akipata manjano, ngozi yake na weupe wa macho hugeuka njano. Si jambo la ajabu, na wauguzi wote wa nchi ile walilijua. Akizidiwa hulazwa uchi chini ya taa ya bluu, na mwanga ule huyapunguza manjano mpaka yakaisha. Asipotibiwa mapema, sumu humpanda kichwani, na huko ikishafika haiondoki bure, huacha kilema.

Wodi ile ilikuwa na vitanda vya joto vyenye pande za kioo, kwa ajili ya watoto njiti. Kwa hiyo wauguzi nao walikuwa watazamaji wa kioo, wakavaa miwani ya rangi ya asali kuanzia wanapoingia kazini mpaka wanapotoka. Na ukitazama kwa miwani ile, shuka ni ya njano, ukuta ni wa njano, maziwa kwenye kikombe ni ya njano, na watoto wote wana rangi moja. Haikuchukua muda mrefu taarifa za hospitali zikaonyesha kwamba ugonjwa wa manjano umetoweka. Hakuna mkoa uliobaki nyuma, yalitoweka kote. Wizara ikatangaza ushindi, na Profesa Komwitwa akaanza kushonewa suti ya kupokelea nishani.

Muuguzi mkuu wa wodi hiyo aliitwa Tabitha Ngwale, mwanamke wa makamo, mnene kidogo, mwenye sauti ya kutuliza watu. Hakuwa mpinzani wa kitu chochote. Aliipenda ile miwani kwa sababu alikuwa akijaza taarifa za wodi kwenye kompyuta na kichwa kilikuwa kimepungua kumuuma. Wizara ilikuwa imempa cheo cha Balozi wa Miwani Wodini, chenye beji, na beji hiyo aliifuta vumbi kila asubuhi.

Siku moja, katikati ya masika, wakati jua lilikuwa halijaonekana kwa muda mrefu, mama mmoja kijana aitwaye Semeni alimwita kando ya kitanda chake. Semeni alikuwa muuza mkaa. Huyu ndiye alikuwa mtoto wake wa kwanza.

"Nesi, mwanangu ana manjano," alisema.

Tabitha akainama. "Mbona yuko sawa, mama. Ana rangi kama wenzake."

"Hao wenzake siwajui. Huyu wangu ni wa njano. Mpaka macho."

"Miwani yako iko wapi?"

"Sikupewa. Mlangoni waliniambia zimekwisha."

"Basi ndiyo maana. Bila miwani huwezi kuona vizuri."

Semeni alimtazama kama mtu anayesubiri mwenzake amalize kutania. Tabitha hakuwa anatania. Ndipo Semeni akafunua miguu ya mtoto.

"Hanyonyi, nesi. Tangu jana hanyonyi wala halii. Nikimfinya unyayo hivi, tazama." Akaufinya. Mtoto akafungua mdomo kama anayepiga mwayo, akaufunga. "Na hilo nalo linataka miwani?"

Tabitha akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya ndani ya wodi kwa miezi mingi: akavua miwani.

Kwanza macho yalimuuma kwa weupe wa kuta. Alikuwa amesahau kwamba kuta ni nyeupe. Kisha akamtazama mtoto, akamwona amelala juu ya shuka nyeupe akiwa njano kama kiini cha yai, njano usoni, njano tumboni, njano mpaka kwenye nyayo. Alipomfungua jicho kwa kidole, nalo lilikuwa hivyo hivyo. Akawatazama watoto wengine haraka haraka. Wao walikuwa salama. Lakini hakuweza kujizuia kuwafikiria waliokwisha kuondoka, wale waliokuwa hawalii, ambao aliwapakata mpaka mlangoni akawaambia mama zao wamebahatika kupata watoto wapole. Ikabidi ashike reli ya kitanda.

"Nimesema uongo?" Semeni aliuliza.

"Hapana," Tabitha alisema. "Umeona."

*

Daktari Lukelo, mganga mkuu wa hospitali, alikuwa ofisini akitazama kompyuta. Alikuwa amesoma sana na alikuwa na watoto wengi wa kusomesha.

"Daktari, mtoto wa Semeni ana manjano. Makali."

"Manjano hayapo," alisema bila kuinua kichwa. "Soma taarifa."

"Nimemwona."

"Umemwonaje?"

"Nimevua miwani."

Daktari akainuka, akafunga mlango, akarudi kukaa. "Hilo hujaniambia."

"Nimekuambia. Tena wewe unajua, daktari. Kila siku unachungulia juu ya miwani yako."

"Nachungulia makaratasi. Sichungulii wagonjwa." Akafikicha uso kwa viganja. "Tabitha, nikiandika kwamba kuna mtoto mmoja mwenye manjano, wataniuliza alitoka wapi, na wale wa kabla yake walikwenda wapi. Mtoe juani."

"Jua liko wapi, daktari?"

Wote wawili wakasikiliza mvua kwenye mabati.

"Basi nipe taa."

"Taa unajua zilichukuliwa na nani."

Simu ya mezani ikalia. Daktari akaipokea akiwa amesimama, kwa hiyo Tabitha akajua ni Wizara. "Ndiyo, Mheshimiwa. Leo mchana. Ndiyo. Ndiyo, tunao." Akaiweka chini taratibu.

"Kuna sherehe ya kutokomeza manjano, kwenye ukumbi wa Waziri," alisema. "Wanataka mtoto mchanga wa kupigwa naye picha. Wamesisitiza asiwe wa kulia." Akaangalia mezani asimtazame Tabitha. "Huyo wako halii."

Tabitha angeweza kukataa. Alikubali kwa sababu moja: taa ziko kwa Wizara, na mchana ule Wizara nzima ingekuwa mahali pamoja.

"Tutakwenda," alisema. "Mimi, mama yake na mtoto. Na wewe."

*

Nimeambiwa na waliokuwapo kwamba chakula kilitosha. Mezani alikaa mbuzi mzima wa kuchomwa, amefungwa utepe wa njano shingoni na kuvalishwa miwani. Waheshimiwa walimkata kuanzia nyuma. Mafuta yalitiririka kwenye vitambaa vya meza, yakafika kwenye vikuku na mikono ya mashati, na kila aliyetaka kupiga makofi alishindwa kwa kuwa viganja vilikuwa vinateleza. Ukumbi ulinuka nyama, marashi na nguo mbichi za watu walionyeshewa wakiwa wamepanga foleni nje kushangilia.

Profesa Komwitwa alihutubia kati ya sahani ya pili na ya tatu. "Mataifa makubwa," alisema huku akilamba kidole gumba, "yanatumia madaktari, maabara na madawa kupambana na manjano. Sisi tumetumia mtazamo. Tulibadilisha mtazamo wetu, na ugonjwa ukakosa pa kukaa." Wageni wakacheka, wakalia, na mmoja wao akaomba arudie ili aandike.

Kisha akaitwa mtoto. Semeni akapanda jukwaani na kanga iliyolowa, Tabitha na daktari nyuma yake. Waziri akampokea mtoto mikononi, na wapiga picha wakasogea.

Tabitha alikuwa amesimama karibu sana na Waziri, miwani yake ameivua, na hapo akaona jambo. Miwani ya Waziri ilikuwa na fremu ya dhahabu iliyonakshiwa, ila vioo vyake havikuwa na rangi. Vilikuwa vyeupe kama maji. Akatazama meza kuu yote. Wakubwa wote walivaa vioo vyeupe. Asali ilianzia meza ya pili kushuka chini.

Waziri akamtazama mtoto. Tabasamu halikumwondoka, lakini macho nyuma ya vioo vile yalitulia, yakashuka mpaka tumboni kwa mtoto, yakarudi usoni. Akaupeleka mdomo sikioni kwa Daktari Lukelo.

"Huyu ni wa manjano," alinong'ona. "Mbona mmeniletea wa namna hii? Hamkuwa na mwingine?"

Waziri akamgeukia mpiga picha, akamtekenya mtoto kidevuni na kuacha alama ya mafuta. "Tazameni afya hii," alisema kwa sauti. "Mtoto ametulia kama mbunge."

Semeni alikuwa amesikia kila kitu. Akamchukua mwanawe kutoka mikononi mwa Waziri bila kuomba, akamfuta kidevu kwa pindo la kanga, akafuta tena na tena mahali pale pale. "Ameona," alimwambia Tabitha. "Ameona, na bado anacheka."

Lakini Tabitha, kwa macho yake matupu, alikuwa ameona kitu kingine. Nyuma ya meza kuu kulikuwa na tangi kubwa la samaki. Samaki walikuwa wa kigeni, wenye mapezi kama vitambaa vya harusi, na juu yao ilining'inia taa ya bluu iliyowafanya wang'ae. Ubavuni mwa taa kulikuwa na maandishi ya rangi nyeupe aliyoyaandika yeye mwenyewe kwa brashi, zamani, kuzuia taa isihamishwe: WODI YA WATOTO.

"Mheshimiwa," alisema, na sauti yake ya kutuliza watu ikafika mpaka mwisho wa ukumbi, "ile taa ni ya wodi yangu. Naiomba. Mtoto huyu anaihitaji leo hii."

"Taa ipi?"

"Ile ya bluu, juu ya samaki."

Waziri akacheka polepole, kama mtu mwenye nafasi. "Muuguzi, katika nchi hii hakuna taa ya bluu. Niliziondoa mwenyewe." Akawageukia wageni. "Ndugu zangu, kuna anayeona taa ya bluu hapa?"

Wageni wakatazama. Kwa miwani ya rangi ya asali, mwanga wa bluu ni kama kiza. Waliona kisanduku kilichozimika juu ya maji. "Hatuoni, Mheshimiwa," walisema, na ninaamini wengi wao walisema kweli.

"Nawe, daktari?"

Daktari Lukelo alitazama miguu yake. "Sioni, Mheshimiwa."

"Umesikia," Waziri akamwambia Tabitha. "Haipo."

"Kama haipo," Tabitha alisema, "basi nikiichukua hapa hakuna kitakachopungua."

Akavuta kiti, akapanda. Kamera ziligeuka zikamfuata. Waziri alifungua mdomo, akaonekana ana nyama kwenye meno, lakini neno halikutoka. Angesema nini, na kilichokuwa kinachukuliwa hakikuwapo. Walinzi walimtazama yeye wakisubiri ishara, naye akaendelea kutabasamu kwa ajili ya picha. Tabitha akachomoa waya, akaitoa taa kwenye ndoano, akashuka nayo kifuani. Samaki wakawa wa kijivu. Wakapita katikati ya meza, yeye na taa, Semeni na mtoto, wakaingia kwenye gari la hospitali. Ukumbini hakuna aliyetafuna mpaka mlango ulipofungwa.

*

Walimlaza mtoto uchi chini ya taa ile mchana huo huo, macho yake yamefunikwa kwa kitambaa. Taa iliwaka wodini waziwazi, na wakaguzi wa Wizara walipita mara kadhaa wakaiona ni taa iliyoharibika, wakaenda zao. Njano ilitoka kwanza usoni, ikashuka kifuani, ikaondoka kwa uvivu. Siku mtoto alipolia, kilikuwa kilio kidogo cha hasira, na akina mama wote wodini waliacha walichokuwa wakifanya. Semeni alimpa jina la Sudi, kwa kuwa alikuwa na bahati.

Tabitha aliachishwa kazi. Hawakuweza kumshtaki kwa wizi wa taa, kwa hiyo wakamshtaki kwa kutazama kwa macho matupu mahali pa umma, na barua ikatiwa sahihi na Daktari Lukelo. Beji aliirudisha. Naye daktari, ambaye sitaki kumsifu, hakuiondoa taa wodini. Kwenye taarifa aliandika kwamba ni mbovu, haiwaki, na isiguswe.

Profesa Komwitwa alipata nishani yake. Picha yake akiwa amempakata mtoto ilitoka katika magazeti yote, na wananchi waliotazama kwa miwani yao walisema mtoto ana afya nzuri.

Tabitha akaanza kushona nguo nyumbani. Mvua zilipokuwa zimerudi tena, siku moja alikwenda kumtembelea Semeni. Walikaa uani chini ya bati, wakinywa chai. Sudi alikuwa anatambaa, mnene, macho meupe, anacheka na kila anachokishika. Mfuniko wa sufuria ukateleza kutoka kwenye jiwe na kuanguka nyuma yake, ukalia kwenye saruji mpaka Tabitha akamwaga chai. Sudi hakugeuka.

Tabitha akaokota mfuniko. Akaupiga kwa kijiko, nyuma ya kisogo cha mtoto. Akaupiga tena.

"Acha, nesi," Semeni alisema. "Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu ile radi iliyopiga kwa jirani. Sisi sote tuliruka. Yeye aliendelea kucheza na kopo." Akanywa chai. "Sasa namwita kwa kumgusa. Ameshazoea."

"Tungemwahi mapema," Tabitha alianza.

"Usiniambie hayo. Wewe ulivua."

Wakati huo alibisha hodi kijana wa Wizara, amevaa suti na miwani ya rangi ya asali, mkononi ana kasha lenye utepe. Alieleza kwamba Sudi, kwa sababu ya ile picha, ameteuliwa kuwa Mtoto wa Taifa wa Mtazamo Bora. Alikuwa na salamu za Mheshimiwa Waziri, na maagizo yalisema zisomwe kwa mtoto mwenyewe. Semeni hakumzuia. Kijana akachuchumaa uani, akazisoma kwa sauti ya juu, maneno mengi kuhusu kesho iliyo angavu na vijana wanaosikiliza viongozi wao, na Sudi akamtazama mdomo unavyocheza, akacheka sana. Kijana alifurahi. Akatoa kwenye kasha miwani ndogo ya kitoto, ya rangi ya asali, akamkabidhi mama.

Semeni aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akamsindikiza mgeni mpaka barabarani. Aliporudi hakuketi. Alikwenda moja kwa moja chooni, nyuma ya nyumba, na Tabitha akasikia kitu chepesi kinaanguka mbali chini, kwenye majimaji. Semeni akatoka mikono mitupu. Akachota maji, akachukua sabuni, akanawa viganja, akanawa vidole kimoja kimoja, akapanda mpaka kwenye viwiko. Kisha akamwendea mwanawe kwa mbele, akachuchumaa ili amwone uso, akamgusa shavu kwa mkono safi.